Sumaku Zinazokataa Kuganda: Rekodi za Usafi na Uchafu

Chukua mafiga matatu, ukalishe mtu mmoja juu ya kila figa, kisha uwape wote sharti moja: kila mmoja atazame upande ulio kinyume na ule wa jirani yake. Wa kwanza akitazama kaskazini, wa pili atatazama kusini, na hapo wa tatu amekwama. Akigeukia kusini anafanana na wa pili, akigeukia kaskazini anafanana na wa kwanza. Hakuna mkao utakaowaridhisha wote watatu, na kosa si la mtu yeyote kati yao. Kosa ni la pembetatu.

Elektroni ndani ya fuwele fulani zimekaa hivyo hivyo. Kila elektroni ni kisumaku kidogo sana, na usumaku wake huo wanafizikia wanauita spini. Katika sumaku za kawaida, joto likishuka spini hujipanga: zote upande mmoja kama kwenye chuma, au moja juu moja chini kwa zamu. Zikishajipanga hazisogei tena, kama maji yaliyokwisha kuwa barafu. Mwaka 1973 Mmarekani Philip Anderson alitoa wazo kwamba spini zilizokaa kwenye pembetatu huenda zisigande kamwe, hata zikipozwa hadi sifuri halisi, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Badala ya kujipanga zitaungana mbili mbili, na miungano hiyo haitatulia. Kila namna ya kuzigawa spini katika jozi itakuwepo kwa wakati mmoja, kama kanuni za kwantamu zinavyoruhusu. Hali hiyo ndiyo kimiminika cha spini cha kwantamu.

Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba pembetatu za kawaida, zile alizoanza nazo Anderson mwenyewe, huishia kuganda, spini tatu zikiachana kwa pembe za digrii 120. Lakini wazo lilikwisha kutoka, na mwaka 1987 mwenyewe alilirudia kwa nguvu mpya alipojaribu kueleza kwa nini baadhi ya oksaidi za shaba hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Watu wakaanza kutafuta mafiga mengine, yaliyokaa vibaya zaidi.

Tangu hapo zimekuwa mbio za rekodi. Nani ameishusha sampuli yake kwenye baridi kali zaidi asiione ikiganda? Nani amekuza fuwele kubwa zaidi? Nazifuatilia rekodi hizo kwa hamu, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zilizo nzito zimeandikwa upande wa pili wa daftari, upande wa uchafu. Fuwele halisi haitoki kwenye ubao wa mwalimu. Inatoka kwenye tanuri, na ndani yake zimo atomi zilizokaa mahali si pake, tabaka zilizoteleza, nafasi zilizobaki wazi. Buluu ya tanzaniti ya Mererani inatokana na vanadi kidogo tu iliyojipenyeza ndani ya jiwe, na kidogo hicho ndicho kinacholipa. Katika vimiminika vya spini mparaganyiko wa namna hiyo unaweza kuua hali inayotafutwa, unaweza kuiigiza ikafanana na ya kweli, na mara chache unaweza kuizaa. Asiyeujua uchafu wa sampuli yake hawezi kusema ameshika nini.

Jiwe lililohojiwa kuliko mengine

Likitakiwa kutajwa jiwe moja tu, litatajwa hebasmithaiti. Ni madini ya kijani inayoelekea buluu, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 2004 na kupewa jina la Herbert Smith, mtaalamu wa madini aliyefanya kazi British Museum mjini London. Sampuli zilizoyatambulisha zilitoka Chile. Ndani yake atomi za shaba zimepangwa kwa tabaka, na kila tabaka limesukwa kwa mtindo unaoitwa kagome. Neno ni la Kijapani: kago ni kapu, me ni jicho, na kwa pamoja ni jina la ususi wa mianzi wenye matundu ya pembesita. Aliyewahi kubeba kuku kwenye tenga anajua jinsi ususi wenye matundu unavyoshikana kwa fito chache. Katika kagome pembetatu zinagusana kwa ncha peke yake, na kati yake panabaki tundu. Kila spini iko kwenye pembetatu mbili kwa pamoja, kwa hiyo ina magomvi mawili kwa mpigo. Kati ya tabaka moja na jingine imewekwa zinki, ambayo haina usumaku, ikae kama mlinzi wa kuzuia tabaka zisisemezane.

Kundi la Daniel Nocera katika chuo cha MIT lilitengeneza unga safi wa hebasmithaiti maabara mwaka 2005. Miaka miwili baadaye Joel Helton na wenzake walitangaza vipimo. Nguvu ya spini hizo kuvutana ni ya kiasi cha kelvini 300, sawa na joto la chumba, na kwa sumaku ya kawaida ungetegemea zigande muda mrefu kabla ya baridi kuwa kali. Waliishusha hadi milikelvini 50, sehemu moja ya ishirini ya kelvini, na hazikuganda. Ukigawa namba ya kwanza kwa ya pili unapata 6,000. Hesabu hiyo ya nguvu kwa joto la kuganda ndiyo kipimo cha ukaidi wanachotumia watu wa fani hii, na kwa kawaida namba ikizidi 10 tu wanageuka kutazama.

Unga hautoshi, kwa sababu katika unga kila punje imeelekea kwake. Ilihitajika fuwele nzima, na hapa ndipo rekodi ninayoipenda kuliko zote ilipowekwa, rekodi ya subira. Tianheng Han, katika kundi la Young Lee hapo hapo MIT, alifunga malighafi pamoja na maji ndani ya mrija mnene wa kwatsi, akaulaza kwenye tanuri ambalo upande mmoja una joto kidogo kuliko mwingine. Upande wa moto dutu inayeyuka majini. Upande uliopoa inajijenga upya, tabaka juu ya tabaka. Tofauti ya joto lazima iwe ndogo sana, maana ukiharakisha unapata vumbi la fuwele badala ya fuwele. Kazi ilichukua miezi 10, na fuwele kubwa ilikuwa ya gramu 0.2, chini ya uzito wa punje ya hindi. Hata hidrojeni iliyomo ilibadilishwa na deuteri, ndugu yake mzito, kwa kuwa hidrojeni ya kawaida hutawanya nyutroni ovyo na kuchafua picha.

Fuwele hizo zilipigwa nyutroni kwenye maabara ya NIST, na matokeo yakatoka mwaka 2012. Sumaku iliyoganda hurudisha nyutroni kwa mistari mikali, alama ya mawimbi yanayopita kwenye safu za spini. Hebasmithaiti ilirudisha wingu. Nyutroni ilipogeuza spini moja, mgeuko ule haukusafiri kama kitu kimoja. Uligawanyika vipande viwili vinavyokwenda kila kimoja njia yake, vinavyoitwa spinoni. Ndivyo nadharia ilivyotabiri kuhusu kimiminika.

Sasa uchafu wake. Shaba na zinki ni majirani kwenye jedwali la elementi, namba 29 na namba 30, na ukubwa wao unakaribiana mno. Eksirei inaona elektroni, kwa hiyo kwa eksirei ya kawaida mmoja haonekani tofauti na mwenzake. Mwaka 2010 Danna Freedman na wenzake walitumia ujanja: walichagua nishati ya eksirei karibu kabisa na kiwango ambacho shaba huanza kuimeza, kisha karibu na kile cha zinki, na katika kila hali mmoja akawa anabadilika na mwingine anatulia. Hapo wakaweza kuwahesabu. Ndani ya tabaka za kagome hawakukuta zinki, nayo ilikuwa habari njema sana. Lakini katika nafasi za walinzi, asilimia 15 ilikuwa shaba. Kati ya kila walinzi 100, kumi na watano wamevaa sare ya zinki na mfukoni wana spini.

Kumi na tano kwa mia si wengi mpaka baridi iingie. Chini ya kelvini chache, spini za kagome zimeshikana kwa nguvu na karibu hazijibu uga wa sumaku. Hao waliopotea wako huru, wanajibu kila unapowaita, na sauti yao inafunika ya wengine. Ukipima usumaku unawapima wao. Ukipima joto mahususi wamo. Na swali la msingi kabisa kuhusu kimiminika hiki, kwamba je, inahitajika nishati ya kiasi fulani kukichokoza au mguso wowote unatosha, limekwama hapo hapo. Mwaka 2015 kundi la Takashi Imai, wakipima mwangwi wa viini vya oksijeni, lilisema pengo la nishati lipo. Mwaka 2020 kundi la Ufaransa la Philippe Mendels, kwa viini vile vile vya oksijeni, likasema halipo. Wote ni mafundi wa hali ya juu. Wanatofautiana namna ya kuitoa sauti ya wale kumi na tano kwenye sauti ya mia.

Kwangu hiyo ndiyo rekodi halisi ya hebasmithaiti. Hakuna jiwe la aina yake lililopimwa kwa njia nyingi kiasi hicho, na bado jibu la swali lake la kwanza limo mikononi mwa atomi zilizokaa kiti cha wengine.

Baridi kali kuliko, na kilichopimwa humo

Japani walikuwa na mshindani wao mapema zaidi. Mwaka 2003 Yasuhiro Shimizu, Kazushi Kanoda na wenzao walitangaza chumvi ya kikaboni iliyojengwa kwa molekuli za BEDT-TTF na shaba na sianidi, zilizokaa mbili mbili kwenye pembetatu. Nguvu ya kuvutana kelvini 250, baridi iliyofikiwa milikelvini 32, kuganda hakuna. Uwiano wake unakaribia 7,800, juu ya ule wa hebasmithaiti. Kwa karibu miaka 20 chumvi hiyo ilitajwa kila mahali kama kimiminika cha kwanza cha spini kilichoshikika mkononi.

Kisha mwaka 2021 kundi la Stuttgart la Martin Dressel, mwandishi wa kwanza akiwa Björn Miksch, lilipima jinsi spini za elektroni zinavyoitikia mawimbi ya mikro na kupata kitu kingine. Chini ya kelvini 6, spini za dutu yenyewe zinafungana katika jozi na kunyamaza, pengo linafunguka. Zinazobaki zikisikika kwenye baridi ile kali ni zile zinazoitwa spini yatima, zilizokosa mwenza kwa sababu ya kasoro za fuwele. Milikelvini 32 ilikuwa ya kweli kabisa, hakuna aliyekosea kipimajoto. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani aliyekuwa akizungumza kwenye baridi hiyo.

Ndugu yake, chumvi ya paladi inayofupishwa dmit, ana rekodi ya kusikitisha zaidi. Mwaka 2010 Minoru Yamashita na wenzake walionyesha kwenye jarida la Science kwamba inapitisha joto kwa wingi karibu na sifuri halisi, kama vile metali, ilhali haipitishi umeme. Maana yake ilikuwa kwamba spinoni zinakimbia humo bila kizuizi. Mwaka 2019 makundi mawili, la Louis Taillefer wa Sherbrooke, Kanada, na la Shiyan Li wa chuo cha Fudan, Shanghai, yalipima kila moja kivyake na yote hayakuona upitishaji huo. Kundi la Japani lilijibu mwaka uliofuata kwa vipimo vipya: fuwele ikipozwa polepole inapitisha, ikipozwa haraka inakuwa butu. Kama ni hivyo, mkono wa fundi kwenye kitasa cha jokofu unaingia kwenye matokeo. Sijui mfano mwingine wa fani hii ambapo dutu ile ile imepewa majibu yaliyo mbali kiasi hicho.

Nusu kwa nusu

Mwaka 2015 China ilileta fuwele iliyoonekana kumaliza ubishi. Yuesheng Li, Qingming Zhang na wenzao walitengeneza oksaidi ya iterbiamu, magnesiamu na galiamu, YbMgGaO4. Fuwele zake zilikuwa kubwa na angavu. Pembetatu za iterbiamu zilikuwa kamili, bila iterbiamu kuvamiwa na yeyote. Nyutroni zilionyesha wingu, kama kwa hebasmithaiti, na makala mbili za mwaka 2016 na 2017 zilisoma wingu hilo kama spinoni zinazojaza nishati kwa mtindo wa elektroni katika metali.

Tatizo lilikuwa kwa majirani. Kati ya tabaka za iterbiamu kuna tabaka za magnesiamu na galiamu, na hizi hazina utaratibu wowote: kila nafasi ni ya mmoja au mwingine kwa bahati nasibu, nusu kwa nusu. Mchanganyiko mkubwa kuliko huo haupo, kwa sababu ukivuka nusu unaanza kurudi upande wa pili. Magnesiamu ina chaji 2, galiamu 3. Iterbiamu iliyozungukwa na galiamu nyingi inasukumwa huku, iliyozungukwa na magnesiamu inasukumwa kule, na kila moja inaishi katika mazingira yake ya umeme. Nguvu ya kuvutana kati ya jirani na jirani haifanani popote.

Zhenyue Zhu, Pavel Maksimov, Steven White na Alexander Chernyshev walifanya hesabu mwaka 2017 na wakatumia neno zito kwenye kichwa cha makala yao: uigizaji. Walichukua mfano wa spini ambazo, zikiwa safi, zingejipanga kwa mistari. Mistari inaweza kuelekea pande tatu, na mparaganyiko mdogo unaamua kwamba hapa ielekee huku na pale ielekee kule, vipande vifupi vifupi. Ukizichanganya picha za vipande vyote unapata wingu lile lile la nyutroni. Hakuna spinoni. Kuna mistari iliyokatika ovyo.

Kipigo cha mwisho kilitoka kwa dada yake mwenye zinki badala ya magnesiamu. Zhen Ma na wenzake mwaka 2018 waliona kwamba chini kabisa, karibu na kelvini 0.1, spini zake zinaganda kama kioo cha dirisha kinavyoganda: zimesimama, lakini bila mpangilio. Wakaona dalili za kuganda kwa YbMgGaO4 pia. Na upitishaji wa joto, uliopimwa miaka miwili kabla ya hapo, ulikuwa umeshasema: spini hazikubeba chochote. Nadhani somo la YbMgGaO4 lina thamani kuliko ushindi ambao ungepatikana, kwani baada yake hakuna mhariri makini anayepokea wingu la nyutroni peke yake kama ushahidi.

Dozi ndogo kuliko zote

Uchafu unaotosha kubadili hali ni kiasi gani? Kwa oksaidi ya terbiamu na titani, Tb2Ti2O7, jibu linatisha. Maabara mbalimbali zilikuwa zikibishana kwa miaka kuhusu tabia yake, na mwaka 2013 Wajapani waliokuwa na Hiroaki Kadowaki walitengeneza sampuli nyingi huku wakibadilisha kwa makusudi uwiano wa terbiamu na titani. Mpaka kati ya sampuli inayoganda kwa aina ya mpangilio uliojificha na ile inayobaki kimiminika ulikuwa kwenye badiliko la 0.0025 tu katika fomula. Mizani ya kawaida ya kupimia malighafi inaweza kukuvusha mpaka huo bila wewe kujua.

Mfano wa pili unatoka kwa Sr2CuTeO6, ambayo haina pembetatu hata moja. Spini zake za shaba zimekaa kwenye miraba na zinaganda vizuri kwenye kelvini 29. Ukiondoa teluri na kuweka tungsteni, njia za kuvutana zinabadilika kuzunguka kila tungsteni uliyoweka. Inatosha kubadilisha asilimia 2.5, na mpangilio wote unaondoka. Ufafanuzi uliotolewa mwaka 2021 ni kwamba kila tungsteni inapinda mpangilio kwa umbali mrefu kuzunguka yenyewe, na mipindo ya nyingi inajumlishana mpaka safu nzima inapoteza mwelekeo.

Uchafu wa kukusudia

Hapo ndipo wengine walipoanza kuugeuza ubishi. Kama uchafu unavunja mpangilio, kwa nini tusiutumie? Otto Mustonen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka 2018 waliichanganya teluri na tungsteni nusu kwa nusu. Iliyo ya teluri tupu huganda kwenye kelvini 29, iliyo ya tungsteni tupu kwenye 24. Mchanganyiko wao haukuganda hata kwenye milikelvini 19.

Huko Japani kundi la Kanoda lilichukua chumvi nyingine ya kikaboni ambayo huganda kwenye kelvini 27 bila ubishi, likaiweka mbele ya eksirei kwa saa 500. Ni karibu wiki tatu, mchana na usiku, miale ikivunja molekuli moja hapa na nyingine pale kwenye tabaka zisizo na usumaku. Ilipopimwa tena, mwaka 2015, kuganda kulikuwa kumetoweka. Kiasi cha vidonda ni kitu unachoweza kukipanga kwa saa ya ukutani, na kwa jambo hili sijaona njia iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Je, kinachopatikana ni kimiminika alichokiota Anderson? Itamar Kimchi, Adam Nahum na T. Senthil walitoa jibu mwaka 2018 ambalo mimi naliona ni la haki. Katika dutu iliyoparaganyika spini nyingi hufungana mbili mbili, lakini zinafunga ndoa na kutulia, kila jozi mahali pake, zile zenye wenza wa karibu kwa nguvu, zenye wenza wa mbali kwa ulegevu. Hakuna kubadilishana. Kimiminika kimekuwa kitu kingine, kinachoshiriki na kile cha Anderson sifa moja tu, ya kutoganda. Mwaka huo huo Kimchi na wenzake wengine walichukua vipimo vya dutu tofauti kabisa, hebasmithaiti ikiwemo, pamoja na H3LiIr2O6 na LiZn2Mo3O8, wakaonyesha kwamba joto mahususi la zote, likipimwa kwenye uga wa sumaku na kupangwa ipasavyo, linalala kwenye mkunjo wa umbo moja. Mawe ya kemia mbali mbali, wimbo mmoja. Wimbo huo ni wa wale waliopotea njia.

Kuna upande mwingine wa nadharia. Lucile Savary na Leon Balents mwaka 2017 walihesabu kwamba katika familia fulani ya oksaidi, kama ile ya praseodimiamu na zirkoni, mparaganyiko unaipa kila spini msukumo wa kugeuka, na misukumo hiyo ndiyo inayoiyeyusha hali iliyoganda na kuifanya kimiminika cha kweli. Kwa vitabu vyote nilivyosoma kabla ya hapo, uchafu ulikuwa mwizi au mwongo. Hapo ndipo ulipopewa cheo cha mzazi.

Atomi nyepesi na fuwele laini

Hiyo H3LiIr2O6 inastahili neno. Alexei Kitaev mwaka 2006 alibuni mfano wa spini kwenye sega la asali ambao hesabu yake inatatulika kikamilifu na jibu lake ni kimiminika. Iridiamu na ruteniamu zilionekana kuukaribia. Li2IrO3 huganda kwenye kelvini 15. Badilisha lithiamu iliyo kati ya tabaka kwa hidrojeni, na dutu mpya haigandi mpaka milikelvini 50, kama walivyoripoti Kitagawa, Takagi na wenzao mwaka 2018. Hidrojeni ni atomi nyepesi kuliko zote, na haitulii mahali pamoja: inaegemea oksijeni ya huku au ya kule, na kila egemeo linapinda nguvu kati ya iridiamu mbili za jirani. Kwenye Kitaev safi joto mahususi lingepaswa kufifia kwa utaratibu. Hapa, ukiligawa kwa halijoto, linazidi kupanda kadiri baridi inavyokaza. Mwaka 2019 Johannes Knolle, Roderich Moessner na Natalia Perkins walionyesha kwamba nguvu zisizo sawa kati ya spini zinaweza kuzaa tabia hiyo. Ukiniuliza mvurugaji mdogo kuliko wote, nitataja hidrojeni.

Kwa ulaini mshindi ni kloridi ya ruteniamu, α-RuCl3. Fuwele zake ni vibamba vyeusi vinavyobanduka kama ulanga, na tabaka zake zimeshikana kwa nguvu ndogo sana. Iliyokuzwa vizuri huganda kwenye kelvini 7. Ukiipinda kidogo wakati wa kuikata au kuibandika kwenye kishikio, tabaka zinateleza na mgando wa pili unazuka kwenye kelvini 14. Mtafiti anaweza kuiharibu kwa kibano. Na dutu hii ndiyo iliyobeba tangazo kubwa la mwaka 2018, pale kundi la Yuji Matsuda wa Kyoto lilipoona joto likikengeuka pembeni kwa nusu kamili ya kiwango cha kwantamu, alama ya chembe ambazo Kitaev alizitabiri. Maabara nyingine ziliona, nyingine hazikuona, na sampuli kwa sampuli majibu yalitofautiana. Mtu akinipa matokeo ya α-RuCl3 siku hizi, swali langu la kwanza ni fuwele imeganda mara ngapi na kwenye kelvini ngapi.

Unga ulioishinda fuwele

Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba fuwele moja nzima ni safi kuliko unga. Yb2Ti2O7 ilikataa. Unga wake ulionyesha badiliko kali, la ghafla, karibu na kelvini 0.26. Fuwele, zilizokuzwa kwa kuyeyusha fimbo ya dutu kwa mwanga mkali wa taa, zilionyesha vilima vipana, vya chini, kila fuwele na chake. Kate Ross na wenzake mwaka 2012 walipata sababu: kwenye joto la kuyeyushia iterbiamu ya ziada ilijisukuma kwenye nafasi za titani, karibu asilimia 2.3 ya nafasi hizo. Unga uliopikwa kwa joto la chini haukupata nafasi ya kuharibika hivyo. Mwaka 2017 kundi la Tyrel McQueen wa Johns Hopkins lilibadilisha njia, likakuza fuwele ikitoka kwenye kimiminika chenye titani nyingi kwa joto la chini zaidi. Fuwele iliyotoka ilikuwa haina rangi, ya kupenya macho, na kilima chake kikawa kikali kama cha unga. Miaka ya mabishano iliisha kwa kubadili mapishi.

Kwa sasa macho yameelekea kwenye jamii ya iterbiamu isiyo na mchanganyiko wa nusu kwa nusu: NaYbO2, NaYbS2, KYbSe2. Ndani yake kila tabaka lina elementi yake, na atomi kubwa kama potasiamu haivai sare ya iterbiamu kirahisi. Potasiamu ni kubwa kuliko sodiamu, kwa hiyo kwa kigezo hicho KYbSe2 ilikuwa na nafasi nzuri kuliko wenzake. Allen Scheie na wenzake waliipiga nyutroni na kuona wingu pana la spinoni, safari hii bila magnesiamu wala galiamu ya kulaumiwa. Kisha wakaendelea kuipoza. Kwenye kelvini 0.29 iliganda.